Mwongozo Kamili wa Kurudi Kijiji cha Mababu Norwe kwa Mkutano wa Ukoo

Kila kiangazi watu huwasili magharibi mwa Norwe wakiwa na jina la shamba lililoandikwa nyuma ya picha ya zamani. Hupiga picha kando ya kibao cha kijiji, hulala hotelini usiku mmoja, kisha huondoka bila kuonana na ndugu hata mmoja. Wengine husimama katika shamba lisilo lao kabisa na kumkumbatia mtu asiye wa damu yao. Chanzo cha yote mawili ni kimoja: walinunua tiketi kabla ya kuujua mji waliokuwa wakiuendea. Mwongozo huu unaipanga kazi kwa mfuatano mwingine, yaani shamba kwanza, ndugu aliye hai pili, kisha tarehe, na tiketi baada ya hayo.

Nimewakusudia wasomaji wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni Waswahili wa Minnesota, Wisconsin na kwingineko Amerika ya Kaskazini waliooa au kuolewa katika koo zenye asili ya Norwe, pamoja na watoto wao. Kundi la pili ni watoto na wajukuu wa Wanorwe waliofanya kazi Afrika Mashariki, kwa mfano katika hospitali ya Haydom huko Mbulu, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwe mwaka 1955. Kundi hili la pili halina kazi kubwa katika hatua tatu za mwanzo, kwa kuwa babu yao ni wa juzi, lakini litakuwa na kazi zaidi kwenye viza.

Mfano nitakaoutumia ni Vik, kijiji kilicho ufukweni mwa kusini mwa Sognefjorden, fyodi yaani mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima. Taratibu ni hizo hizo hata kama wazee wenu walitoka Voss, Valdres au Telemark.

## Mahitaji

- Jina la aliyehama, tarehe yake ya kuzaliwa hata kama ni ya kukisia, na mwaka aliohama.
- Nakala za hati za nyumbani: Biblia ya familia, barua, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, maandishi ya makaburini.
- Intaneti, na daftari moja la kuandikia kila jambo pamoja na mahali ulipolipata.
- Muda wa mwaka mmoja na nusu kabla ya safari. Miezi sita haitoshi, kwa kuwa barua huchelewa kujibiwa na kumbi za vijijini huwekwa nafasi mapema.
- Mtu mmoja wa ukoo atakayekubali kuwa katibu. Ukoo wenye makatibu watano hauna katibu.

## Hatua ya 1: Tenganisha jina la mtu na jina la mahali

Hapa ndipo wengi hupotea, na kosa la hapa huharibu kila linalofuata, kwa hiyo isome hatua hii taratibu.

Kabla ya sheria ya mwaka 1923 iliyolazimisha kila familia kuwa na jina moja la kurithishana, Wanorwe wengi wa vijijini hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto alichukua jina la baba yake: mwana wa Lars aliitwa Larsen, na binti yake Larsdatter. Baada ya hapo liliongezwa jina la shamba alilokuwa akiishi, na jina hilo lilikuwa anwani tu. Tuseme Ole Larsen aliishi katika shamba la Hove. Aliandikwa Ole Larsen Hove. Akihamia shamba la Hopperstad, kasisi alimwandika Ole Larsen Hopperstad, na hakuna aliyeshangaa.

Alipofika Marekani alichagua mojawapo. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuishia mmoja akiwa Larson na mwingine Hove, na wajukuu wao leo hawajui kwamba ni wamoja. Kwa hiyo usiseme "sisi ni akina Hove" mpaka uthibitishe.

Andika orodha ya majina yote ambayo mtu huyo angeweza kuitwa. Zingatia pia kwamba kabla ya mwaka 1917 herufi å iliandikwa aa, na kwamba watoto walipewa majina ya babu na bibi kwa mpangilio: kwa kawaida mwana wa kwanza alichukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mpangilio huo hautoshi kuwa ushahidi, ila hukuonyesha pa kuangalia.

Umefanikiwa ukiwa na: jina la kwanza la mtu, jina la kwanza la baba yake, na walau jina moja la shamba.

## Hatua ya 2: Pata parokia na siku ya ubatizo

Fungua Digitalarkivet, tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Norwe, ambayo haitozi malipo. Humo mna sensa za miaka ya 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920, pamoja na picha za madaftari ya kanisa. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 100, ndiyo maana ile ya 1930 bado haijawekwa wazi.

Anza na daftari la polisi la wahamiaji la bandari aliyoondokea. La Bergen linaanzia mwaka 1874. Kama aliondoka kabla ya hapo, tafuta katika daftari la kanisa orodha ya waliohama parokia, inayoitwa *udflyttede*. Kisha rudi nyuma hadi kipaimara, ambacho daftari lake hutaja wazazi na mahali alipozaliwa, na kutoka hapo utafika kwenye ubatizo.

Katika kutafuta, weka alama ya nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo. Ukiandika La\*s\* utawapata Lars, Larsen na Lauritsdatter aliyeandikwa vibaya, na utaepuka kudhani kwamba mtu hayupo kumbe ameandikwa kwa tahajia nyingine.

Madaftari ya kanisa yameandikwa kwa mwandiko wa Kigothi, ambao macho ya leo hayausomi kwa urahisi. Usikisie. Chapisha ukurasa, zungushia jina unaloliona wazi, na kutoka katika jina hilo jifunze umbo la kila herufi ya kasisi huyo. Siku nyingi huandikwa kwa jina la Jumapili ya kanisa, kwa mfano Jumapili ya tatu baada ya Utatu Mtakatifu, hivyo utahitaji kalenda ya sikukuu za mwaka husika.

Tahadhari: miti ya nasaba iliyowekwa mitandaoni na watu wengine ni dokezo tu. Usichukue jina kutoka humo mpaka umeliona kwa macho yako katika daftari.

Umefanikiwa ukiwa na: picha ya ukurasa wa ubatizo yenye majina ya wazazi wote wawili na jina la shamba.

## Hatua ya 3: Lipate shamba lenyewe

Majina kama Bakken, Haugen, Berg na Vik yamezagaa kwa mamia nchini kote. Vik peke yake ipo Sogn, ipo Sømna kaskazini, na ipo Hole karibu na Oslo. Jina la shamba bila parokia ni sawa na kumtafuta Juma wa Kariakoo.

Mipaka ya utawala nayo imehama sana. Tarehe 1 Januari 2020 idadi ya manispaa ilishuka kutoka 422 hadi 356, na mikoa imeunganishwa na kutenganishwa tena ndani ya miaka michache. Hata kabla ya hapo mabadiliko yalikuwepo: Feios na Fresvik zilikuwa sehemu ya Leikanger, ng'ambo ya pili ya fyodi, mpaka mwaka 1964 zilipohamishiwa Vik. Anayesoma "Leikanger" katika daftari la mwaka 1850 na kwenda Leikanger ya leo anaweza kujikuta upande usio wake wa maji, akiutazama mlima wa kwao kwa mbali.

Kwa hiyo tafuta nambari. Kila shamba lina nambari ya shamba, *gårdsnummer*, na kila kipande kilichogawanywa kina nambari yake ndogo, *bruksnummer*. Mfumo huu ulianza na orodha ya ardhi ya mwaka 1886, na sensa ya 1900 inautumia. Nambari zilizo katika sensa za 1865 na 1875 ni za mfumo wa zamani, usizilinganishe moja kwa moja na za leo. Ukishapata nambari mpya, iingize katika ramani ya serikali ya Norgeskart, na shamba litaonekana hadi mpaka wa uwanja wake.

Sasa uliza swali ambalo wageni wengi hawaliulizi: babu yetu alikuwa nani katika shamba hilo? Sensa ya 1865 hutaja kazi ya kila mkuu wa kaya. *Selveier* alimiliki ardhi. *Leilending* aliikodi. *Husmand* alipewa kibanda na kijipande cha ardhi pembeni, naye akalipa kwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Wahamiaji wengi walikuwa watu wa vibanda hivyo au watoto wao, na waliandikwa kwa jina la shamba kubwa ingawa hawakuwa na undugu na mwenye shamba.

Jambo hili lina uzito wa kibinadamu. Ukifika kwa wenye shamba kubwa ukasema "mimi ni wa damu yenu", kumbe wazee wako ndio waliovunjwa migongo na wazee wao, unaanza urafiki kwa neno lisilo kweli, na unawafuta wazee wako mwenyewe. Kibanda chao huenda kimebaki msingi wa mawe ndani ya msitu. Nakusihi uutafute msingi huo na kuupa heshima ile ile ambayo ungeipa nyumba kubwa.

Msaada mkubwa kuliko wote ni *bygdebok*, kitabu cha historia ya kijiji kinachopitia shamba moja baada ya jingine na familia moja baada ya nyingine. Vingi vimepigwa picha na Maktaba ya Taifa, lakini baadhi husomeka tu kwa intaneti ya ndani ya Norwe. Kama hukipati, iandikie jumuiya ya historia ya kijiji, *historielag*, ukitaja shamba na nambari yake, na uombe kurasa hizo tu.

Umefanikiwa ukiwa na: nambari ya shamba ya leo, mahali pake kwenye ramani, na hadhi ya babu yako hapo.

## Hatua ya 4: Mpate ndugu aliye hai

Usimfuatilie tena aliyehama. Mfuatilie kaka au dada yake aliyebaki. Katika sensa ya 1865 au 1875 andika watoto wote wa nyumba, kisha umtafute kila mmoja katika sensa za 1900, 1910 na 1920. Ile ya 1910 ni nzuri mno kwa kazi hii kwa sababu hutaja siku kamili ya kuzaliwa, na kwa siku hiyo unaweza kumtambua mtu hata akibadili shamba na jina.

Kutoka mwaka 1920 hadi leo, kamilisha kwa kitabu cha kijiji, kwa hifadhidata ya mawe ya makaburi ya chama cha Slekt og Data, na kwa orodha za simu za Norwe zilizo wazi mtandaoni. Huko Marekani, vyama vya *bygdelag*, ambavyo kila kimoja hukusanya wazao wa wilaya moja, huwa na watu waliokwisha kuandikiana na kijiji chenu.

Kisha andika barua ya karatasi, kwa Kiingereza chepesi au kwa Kinorwe kilichohaririwa na mjuzi. Ukurasa mmoja unatosha. Jitambulishe na utaje unapoishi. Eleza undugu kwa mstari mmoja: "bibi yangu mzaa bibi, Brita, na babu yako mzaa babu walikuwa watoto wa nyumba moja." Ambatisha mchoro mdogo wa nasaba na picha moja. Sema wazi kwamba hutafuti ardhi wala mali. Sentensi hiyo usiione ya bure, kwa sababu Norwe ina sheria ya kale ya haki ya wanaukoo kudai shamba, na barua kutoka kwa ndugu asiyejulikana inaweza kuwatia watu wasiwasi.

Usiombe malazi katika barua ya kwanza. Subiri wiki sita, kisha uandike mara moja tu tena.

Umefanikiwa ukiwa na: mtu mmoja kijijini anayejua jina lako na aliyekubali kukutana nawe. Ikiwa hujampata, ahirisha mkutano.

## Hatua ya 5: Pangeni tarehe na ukumbi pamoja na wenyeji

Wenyeji ndio wachague tarehe. Wiki tatu za mwisho wa Julai Wanorwe wengi huwa likizoni, na baadhi hukimbilia nyumba zao za milimani, lakini wengine hurudi kijijini wakati huo huo. Wakulima nao wana siku za kukata majani ya mifugo ambazo hutegemea jua, hazimngojei mgeni.

Ukumbi wa kijiji, *grendehus* au *samfunnshus*, hukodishwa kwa bei ya wastani na huwa na jiko na vyombo. Anayekodi ndiye anayepika, kupakua na kusafisha, basi gawaneni zamu kabla. Maduka mengi hufungwa Jumapili, hivyo ununuzi wote ukamilike Jumamosi mchana.

Kubalianeni kuhusu fedha kwa maandishi: kiasi cha mchango wa kila mtu mzima, na nani analipia ukumbi. Wenyeji wasiachwe wabebe gharama kwa sababu tu wageni wametoka mbali.

## Hatua ya 6: Viza na njia

Norwe imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Marekani au Kanada hukaa hadi siku 90 katika kila siku 180 bila viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo huhitaji viza, na ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje siku hizo 15. Pasipoti iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe na idumu walau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000. Ambatisha mwaliko wa ndugu, ratiba ya mkutano, mchoro wa nasaba, na ushahidi wa kazi au familia inayokurudisha nyumbani.

Ratiba za treni, basi, boti na vivuko zimo katika programu ya Entur. Kwa Vik, boti ya mwendo kasi kutoka Bergen huchukua takribani saa tatu na nusu, nayo barabara kutoka Voss hupita juu ya mlima wa Vikafjellet. Beba koti la mvua la kweli hata kama ni Julai.

Tahadhari: nyama na maziwa kutoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya haviruhusiwi kuingizwa. Zawadi nzuri kutoka kwetu ni kahawa iliyokaangwa ya Kilimanjaro, kwa maana nyumba ya Kinorwe haikosi birika, au kanga yenye maneno utakayowaeleza maana yake.

## Hatua ya 7: Siku ya shambani, kanisani na makaburini

Fika saa uliyoiahidi. Vua viatu mlangoni. Ukimaliza kula, mwambie aliyepika *takk for maten*.

Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea msituni na milimani, ila haki hiyo haifiki katika uwanja wa nyumba, na kwenye mashamba yaliyolimwa na malisho imezuiwa kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 14 Oktoba. Majani marefu unayoyaona ni chakula cha mifugo cha majira ya baridi. Kundi la watu thelathini likiyakanyaga kwa ajili ya picha limeharibu riziki ya mtu. Omba ruhusa, upite pembeni.

Waandae wazee wenu kuhusu makaburi kabla ya safari, kwa sababu hapo ndipo machozi hutoka. Norwe hulinda kaburi kwa muda usiopungua miaka 20, kisha familia hulipia kulikodi, na pasipo mlipaji jiwe huondolewa na mahali pale huzikwa mwingine. Jiwe la mtu aliyefariki mwaka 1880 kwa kawaida halipo. Ukosefu wake usimfanye yeyote awalaumu ndugu waliobaki. Ukoo wenu unaweza kusimama pamoja uani mwa kanisa na kuyasoma majina kwa sauti, na hilo linatosha kuwa ibada.

Kanisa lenyewe huenda si lile la babu yenu. Sheria ya mwaka 1851 ilidai makanisa yatoshe waumini zaidi, na mengi ya kale yalibomolewa; ya mbao ya Zama za Kati yamebaki 28. Vik ina bahati: kanisa jipya lilijengwa mwaka 1877, lakini lile la mbao la Hopperstad, la karne ya 12, bado limesimama, na mfano wake wa ukubwa kamili upo Moorhead, Minnesota. Milango mingi hufungwa, basi iandikie ofisi ya kanisa wiki kadhaa kabla ili mtu aje na ufunguo.

Umefanikiwa iwapo: kila mgeni amesimama mahali palipothibitishwa kwa hati, na mwenye shamba anawaaga mpaka getini.

## Hatua ya 8: Mkutano wenyewe

Bandika ukutani mchoro wa nasaba wa mita kadhaa, ukianza na wazazi wa yule aliyehama. Kila mtoto wao apewe rangi yake, na kila mhudhuriaji avae kitambulisho cha rangi ya tawi lake. Mtu asiyejua lugha ya mwenziwe ataona rangi, atakwenda naye ukutani, na vidole vitaanza kuzungumza.

Changanyeni meza. Wageni wakiachwa wakae pamoja watakula pamoja na kuondoka pamoja. Weka katika kila meza kijana mmoja wa Kinorwe wa kutafsiri, kwani wazee wa vijijini wengi hawapendi kusema Kiingereza hata wanapokielewa.

Hotuba ziwe mbili tu, moja ya wenyeji na moja ya wageni, za dakika kumi kila moja. Baada ya hapo fungueni meza ya picha ambazo hazijatambuliwa, na mtu akae hapo na kalamu akiandika kila jina linalotajwa. Nathamini meza hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku, kwa maana mzee wa miaka tisini anayemtambua mtu katika picha huenda ndiye wa mwisho duniani mwenye uwezo huo.

Rekodini sauti za wazee kwa ridhaa yao. Waulize mambo madogo: nani alikaa nyumba ipi, njia ya kwenda malishoni ilipita wapi, barua za Amerika zilisomwa na nani.

## Hatua ya 9: Ndani ya siku 30

Katibu arekebishe mchoro kwa majina na tarehe zilizopatikana, bila kuchapisha hadharani habari za walio hai. Atume nakala moja kwa kila tawi, moja kwa jumuiya ya historia ya kijiji, na picha za karatasi kwa mwenye shamba. Katika barua hiyo hiyo ataje mwaka wa mkutano ujao na jina la tawi litakaloandaa.